Barua ya wazi kwa wanaotia saini vibali vya mashindano ya magari Pwani: simamisheni magari kwanza, ndipo mtume winchi

Kwa wasimamizi wa michezo ya magari nchini Kenya;
Kwa Serikali ya Kaunti ya Mombasa, pamoja na majirani zetu wa Kwale na Kilifi;
Kwa wakuu wa trafiki na wa huduma za dharura, ambao huombwa idhini kabla ya kila mashindano.

KUH: MAMLAKA YA KUSIMAMISHA MASHINDANO AJALI INAPOTOKEA

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuhusu dakika chache tu, zile zinazopita baina ya gari la kwanza kuacha njia na gari la pili kufika mahali hapo hapo. Riziki yangu naipata kwa kuendesha winchi katika bandari ya Kilindini, na kwa miaka mingi sasa nimekuwa nikijitolea kushika bendera kando ya barabara kila mashindano ya magari yanapoletwa Pwani. Ndiyo maana ajali iliyokatiza Grand Prix ya Japani tarehe 5 Oktoba 2014 haijanitoka akilini, ingawa wengi mliokuwa mkifuatilia langalanga, yaani Formula One, wakati ule huenda mmekwisha kuisahau. Dereva Jules Bianchi hakugonga ukuta, wala hakugongana na mpinzani wake. Aligonga winchi iliyokuwa imeingia pale kwa nia njema kabisa, ikifanya kazi iliyotumwa kufanya, huku mbio zikiendelea.

Mnivumilie niieleze ajali hiyo kwa kirefu kidogo, kwa kuwa karibu kila ninaloliomba katika barua hii linatokana nayo.

Uwanja wa Suzuka una mzunguko wa kilomita 5.807, na mbio za siku ile zilipangwa kuwa za mizunguko 53. Kimbunga Phanfone kilikuwa kinaikaribia Japani. Mbio zilianzishwa nyuma ya gari la usalama, lile linalotangulia mbele kuwapunguzia wote mwendo, kwa sababu ya mvua, zikasimamishwa baada ya mizunguko 2, kisha zikaanza tena. Baadaye mvua ikapungua kiasi cha njia kuanza kukauka, halafu ikarudi jioni ikikaribia. Katika mzunguko wa 42, Adrian Sutil wa timu ya Sauber aliteleza kwenye kona iitwayo Dunlop na kugonga kizuizi cha pembeni. Alitoka salama. Marshali, yaani washika bendera wa kando ya njia, wakapunga bendera mbili za njano, ishara inayomtaka dereva apunguze sana mwendo, asimpite mwenzake, na awe tayari kusimama, na winchi ikaingia kuliondoa gari lililokwama. Mzunguko uliofuata, Bianchi, kijana wa Kifaransa wa miaka 25 aliyekuwa akiendesha gari la Marussia, akapoteza mshiko mahali pale pale. Aliacha njia akiwa na mwendo wa kilomita 213 kwa saa, na alipoifikia winchi alikuwa bado na mwendo wa kilomita 126. Gari lake lilikuwa na uzito wa kilo 700 hivi. Winchi ilikuwa na kilo 6,500.

Mtu asiyewahi kuendesha winchi hawezi kuona upesi kwa nini mgongano ule ulikuwa mbaya kupita kugonga ukuta. Mashine za aina ile hubeba chuma kizito upande wa nyuma, ili mzigo unaoning'inia mbele usiipindue. Chuma hicho hakigusi ardhi. Hukaa juu, usawa wa kiuno cha mtu aliyesimama, na chini yake hubaki uwazi. Gari la langalanga nalo limelala karibu na ardhi, na dereva hukaa ndani yake nusu amelala, helmeti yake ikiwa usawa huo huo wa kiuno. Pua ya gari ikaingia katika uwazi, na helmeti ikakutana na upande wa chini wa winchi. Hakuna tairi la kupunguza nguvu, wala kizuizi cha kuyumba na kurudi. Kuna chuma na kichwa cha mtu. Jopo la uchunguzi baadaye lilisema kwamba hata kumfunika dereva kwa paa kusingefaa kitu mbele ya nguvu kubwa namna ile.

Mnisamehe nikiongeza jambo moja ambalo sijaliona likizungumzwa sana. Mwenye kuendesha winchi haangalii barabara. Macho yake yako kwenye ndoana na kwenye mkono wa mtu anayempa ishara, injini yake inanguruma, na mara nyingi mgongo wake ndio unaoelekea upande ambako hatari inatoka. Hata mngemwekea filimbi kumi, hasikii. Usalama wake wote uko mikononi mwa wale waliomwambia aingie, na kama waliomwambia aingie hawajayasimamisha magari, basi wamempeleka njiani akiwa kipofu na kiziwi.

Bendera nyekundu, ya kusimamisha mbio, ilitolewa katika mzunguko wa 46, na matokeo yakahesabiwa kufikia mzunguko wa 44: Lewis Hamilton wa kwanza, Nico Rosberg wa pili, Sebastian Vettel wa tatu. Bianchi, akiwa na jeraha kubwa la ubongo, alipelekwa hospitali mjini Yokkaichi kwa barabara badala ya helikopta kwa sababu ya hali ya hewa. Alifariki dunia kwao Nice tarehe 17 Julai 2015 bila kupata fahamu, akawa dereva wa kwanza wa langalanga kufa kwa majeraha aliyoyapata katika Grand Prix tangu Ayrton Senna mwaka 1994.

Sasa naomba mfanye nami hesabu ndogo. Kanuni za wakati ule zilisema kwamba mbio zikikatizwa baada ya robo tatu ya mizunguko kukamilika, washindi hupewa alama kamili. Robo tatu ya mizunguko 53 inatimia katika mzunguko wa 40. Gari la Sutil lilipokwama kwenye kizuizi mzunguko wa 42, hata ukirudisha matokeo nyuma mizunguko miwili kama ilivyokuwa desturi, alama kamili zilikuwa zimekwisha kupatikana, na Hamilton ndiye aliyekuwa akiongoza tangu mapema kabla ya hapo. Bendera nyekundu ikitolewa dakika ile haingemnyima mtu ushindi wala haingezipunguza thamani alama za yeyote kwa kanuni hiyo. Mvua ilikuwa inanyesha, mwanga unapungua, winchi iko upande wa hatari wa kona ya kasi, na hakuna cha kupoteza kwa kusimama. Mbio zikaendelea, kwa sababu ndivyo ilivyozoeleka.

Neno hilo la kuzoea silisemi kwa kubuni. Shirikisho la kimataifa la magari, FIA, liliunda jopo la watu 10 chini ya Peter Wright, na jopo likaandika ripoti ya kurasa 396. Lilisema Bianchi hakupunguza mwendo vya kutosha, nami sina ubishi na hilo. Lilieleza pia kwamba alikuwa akikanyaga breki na mafuta kwa pamoja, na kwamba mfumo uliotakiwa kuizima nguvu ya injini katika hali kama ile haukufanya kazi, kwa kuwa haukupatana na breki za kielektroniki za gari lake. Hayo ni ya mafundi. Kilichonifanya niliweke chini gazeti nililokuwa nikisoma habari hizo ni maelezo kwamba hatua zilizochukuliwa baada ya Sutil kuteleza zililingana na kanuni, na pia na namna kanuni hizo zilivyofasiriwa katika matukio 384 ya miaka 8 iliyotangulia.

Matukio 384. Wenye jopo waliitaja idadi hiyo kama utetezi, na kwa mwanasheria ni utetezi mzuri. Kwa mtu wa bandarini ni idadi ya kutisha. Kila mara mashine ilipoingia na kutoka bila msiba, utaratibu ule ulizidi kuonekana mwema, na hapakuwa na mtu aliyeuliza kama ni utaratibu uliowaokoa au ni bahati. Tena dalili zilikuwapo. Mwaka mmoja tu kabla ya Suzuka, mwezi Juni 2013, marshali mmoja wa kujitolea aliuawa mjini Montreal na winchi iliyokuwa ikiliondoa gari baada ya Grand Prix ya Kanada. Siku ile mbio zenyewe zilikuwa zimekwisha, hakuna gari lililokuwa katika mwendo wa mashindano, na bado mashine ile iliua.

Waheshimiwa, nimeleta habari za Japani kwa sababu za hapa kwetu zinafanana nazo kupita tunavyopenda kukubali.

Katika mashindano fulani upande wa Pwani ya Kusini, ambayo sitayataja jina wala waandalizi wake, gari moja lilitumbukia mtaroni baada tu ya kona ya udongo mwekundu. Dereva na msaidizi wake walitoka wenyewe, wakijifuta vumbi. Vijana waliokuwa wakitazama chini ya mikorosho wakalikimbilia gari, na kabla hata ya pembe tatu nyekundu kuwekwa njiani, trekta la shamba la jirani likaletwa na kamba ya katani, likaegeshwa kukingama barabara ili livute vizuri. Mimi nilikuwa nyuma ya kona, nikipunga bendera ya njano, na redio yangu ilikuwa ikitoa mkwaruzo mtupu. Nilimkimbilia mkuu wa kituo chetu nimwombe asimamishe. Alinijibu kwa adabu kabisa kwamba amri ya kusimamisha haiko kwake, iko kwa msimamizi mkuu, na msimamizi mkuu hapatikani hewani. Katika mbio za rali magari huachiwa kwa kupishana dakika moja au mbili hivi, kwa hiyo mazungumzo yetu hayo ya adabu yalikuwa yamekwisha kula muda wote tuliokuwa nao. Gari la pili likatokea. Dereva aliiona bendera, akafunga breki, akateleza ubavu, akapita baina ya trekta na mnazi kwa nafasi ya kiganja. Kioo chake cha pembeni kikabaki kimetapakaa chini ya tairi la trekta. Watu wakashangilia. Aliyekuwa ameshika kamba alikuwa bado ameinama, hakujua lililompita mgongoni.

Nilipoandika taarifa yangu jioni ile, niliambiwa kwamba ajali haina kinga. Nimelelewa na msemo huo kama kila mtu wa Pwani, na nauheshimu pale unapomliwaza aliyefiwa. Lakini hautoshi kuwa jibu la mwandalizi kwa marshali. Ajali ya gari la kwanza ndiyo isiyo na kinga: mchezo huu ni wa kasi, dereva amejua hivyo na ametia saini. Ajali ya gari la pili ina kinga, na kinga yenyewe ni mtu mmoja aliyesimama mahali panapofaa, mwenye ruhusa ya kusema basi.

Hilo la ruhusa ndilo kiini cha ombi langu. Bandarini, mzigo ukiwa hewani, mtu yeyote akiinua mkono kuashiria simama, hata kibarua aliyeajiriwa jana, mimi niliye juu ninasimamisha kwanza na kuuliza baadaye. Ishara za kupandisha au kushusha mzigo nazipokea kwa mtu mmoja tu aliyeteuliwa. Ishara ya kusimama naipokea kwa yeyote. Nimewahi kusimamishwa bure, kwa hofu ya mtu aliyeona kivuli, na meli haikuzama kwa sababu hiyo. Katika mashindano yetu mambo yamepinduliwa: aliye karibu na hatari haruhusiwi kusimamisha, na anayeruhusiwa yuko hemani kilomita kadhaa mbali, akiwa na wafadhili, wapiga picha na ratiba ya kukabidhi vikombe.

Sisemi kwamba wasimamizi wakuu ni watu wabaya. Nasema wana mzigo usiostahili kuwekwa begani mwa mtu mwenye sababu nyingi za kutaka mambo yaendelee. Mwaka 1975 mjini Barcelona, katika Grand Prix ya Uhispania kwenye bustani ya Montjuïc, madereva walizikagua kingo za chuma wakakuta hazikufungwa sawasawa. Waligoma kufanya mazoezi. Mafundi wa timu wakaingia njiani na spana zao kukaza nati ambazo waandalizi walitakiwa wazikaze kabla ya mtu kufika. Emerson Fittipaldi, aliyekuwa bingwa wa dunia, alizunguka polepole kutimiza wajibu, kisha akaenda zake nyumbani bila kushindana. Waliobaki wakakimbia. Bawa la nyuma la gari la Rolf Stommelen, aliyekuwa akiongoza, lilivunjika, gari likaruka kingo na kuwaua watu waliosimama ng'ambo. Mbio zilikatizwa katika mzunguko wa 29 kati ya 75, wakagawiwa nusu ya alama, na langalanga haikurudi tena Montjuïc. Miaka karibu 40 baadaye, Fittipaldi huyo huyo alikuwa mmoja wa wale 10 waliokaa kuichunguza ajali ya Bianchi. Ningelipa nauli ya mbali kumsikiliza alivyosema kikao kilipofungwa.

Mtasema hizo ni mbio za uwanjani, na Kenya ni nchi ya rali. Ni kweli, tena nchi yenye jina: rali ya Safari ilianza mwaka 1953, na kina Joginder Singh na Shekhar Mehta waliwafundisha wageni jinsi ya kupita katika matope yetu. Basi tazameni rali ya Ureno ya mwaka 1986. Watu walikuwa wamejaa barabarani karibu na Sintra, wakisogea pembeni dakika ya mwisho gari linapofika, na kila dereva alijua kwamba iko siku mmoja hatawahi kusogea. Gari la Joaquim Santos liliwaingia, watatu wakauawa na zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Madereva wa timu za viwanda vya magari walikutana hotelini, wakaandika tamko kwamba hawaendelei, wakajitoa. Rali yenyewe iliendelea bila wao. Waliokuwa na hatari miguuni walisimama; waliokuwa na ratiba mkononi hawakusimama.

Ninachoomba ni kwamba kila kibali kitakachotolewa kwa mashindano ya magari katika kaunti zetu kiwe na sharti la maandishi kuhusu kusimamisha. Mkuu wa kila kituo cha redio awe na bendera nyekundu yake, na awe na mamlaka ya kuitoa bila kumwomba mtu, pindi gari lililoanguka linapoziba njia au pindi mtu yeyote anapokanyaga njia kulisaidia. Trekta, winchi, lori la kuvuta, hata pikipiki yenye kamba, visiingie njiani mpaka kituo cha mwanzo kithibitishe kwamba gari la mwisho lililoachiwa limesimama au limepita. Msimamizi akiona kituo kimesimamisha bila sababu nzuri, amwite mwenye kituo jioni wazungumze. Asimfukuze, maana akimfukuza mmoja, wengine wote watajifunza kunyamaza.

Wenzetu wa langalanga walifanya jambo la namna hiyo kwa vyombo vyao. Tangu mwaka 2015 wana utaratibu wa gari la usalama lisiloonekana: amri moja kutoka chumba cha usimamizi inawalazimisha madereva wote kupunguza mwendo hadi kiwango kilichowekwa, na kila mmoja anakiona kiwango hicho ndani ya gari lake. Hawamwachii tena dereva aamue mwenyewe kupunguza kiasi gani, kwa kuwa dereva ni mshindani, na kila anayepunguza zaidi ya mwenzake anapoteza sekunde. Sisi hatuna mitambo hiyo, wala siwaombi muinunue. Betri za akiba za redio na vitambaa vyekundu haviwezi kuishinda bajeti ya mashindano yanayolaza wageni katika hoteli za Nyali na Diani.

Kuhusu gharama ya kusimama, wanaoogopa kwamba hatua, yaani kipande kimoja cha barabara cha kushindania, ikikatizwa matokeo yataharibika wanajua vizuri kwamba kanuni za rali zimekwisha kulitatua jambo hilo. Waliokuwa hawajapita hupewa muda wa makadirio na safari inaendelea kwenye hatua inayofuata. Hasara inayobaki ni ya watazamaji wa kona moja waliokuja na mahamri yao na hawakuona magari yote. Nami nimekuwa mtazamaji pia, tutavumilia.

Liko suala la mwanga, na hapa nitakuwa mfupi kwa sababu liko wazi. Mbio za Suzuka zilianza saa 9 alasiri, na jua la huko mwanzoni mwa Oktoba huzama kama saa 11 na nusu. Jopo lilipendekeza kwamba mbio zisianze zikiwa zimebaki chini ya saa 4 kabla ya jua kuzama, isipokuwa zile za usiku zenye taa. Kwetu Mombasa jua huzama baada tu ya saa 12 jioni, na hata miezi linapochelewa halifiki saa 1 usiku, na giza halikawii kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Anayeswali anajua jinsi wekundu wa Magharibi unavyotoweka upesi. Basi hatua ya mwisho isianze baada ya saa 8 mchana, na ratiba ikichelewa asubuhi, hatua ifutwe badala ya kusukumwa jioni. Katika msimu wa masika, hasa mwezi Mei, sioni sababu ya kutoa kibali chochote cha barabara za udongo. Mwenye sababu aiandike tuisome.

Na jambo la hospitali linahitaji kauli yenu zaidi kuliko yangu, kwa kuwa mnaijua ramani. Hospitali Kuu ya Pwani iko kisiwani. Majeruhi akitoka upande wa kusini, gari la wagonjwa litavuka feri ya Likoni au litazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Akitoka kaskazini, liko daraja la Nyali, na kila mtu anajua daraja la Nyali lilivyo Jumamosi jioni. Bianchi alichukuliwa kwa barabara katika nchi yenye kila kitu, kwa sababu mawingu hayakuruhusu vinginevyo. Mpango wetu usitegemee helikopta ambayo huenda isiruke. Uandikwe mapema, kwa kila hatua, gari la wagonjwa litapita njia gani, polisi gani atafungua njia hiyo, na daktari gani wa zamu amearifiwa. Na gari la wagonjwa likiondoka na majeruhi, magari ya mashindano yasimame mpaka jingine lifike mahali pake. Nimeona, kwa macho yangu, hatua ikiendelea huku gari pekee la wagonjwa likiwa limekwisha kuondoka na mtazamaji aliyezimia kwa joto. Hakuna aliyeumia katika muda huo, na sitaki mtu aje kunihesabia siku hiyo miongoni mwa mafanikio.

Msidhani kwamba somo likishajifunzwa halisahauliki. Tarehe 9 Oktoba 2022, katika uwanja ule ule wa Suzuka, mvua ikinyesha vile vile, Carlos Sainz aliteleza katika mzunguko wa kwanza, na mashine ya kuondoa gari ikaingia njiani kabla magari yote hayajakusanyika nyuma ya gari la usalama. Pierre Gasly akaipita ndani ya ukungu wa maji, akapiga kelele redioni kwa hasira ambayo kila aliyemkumbuka Bianchi aliielewa. Aliadhibiwa kwa mwendo aliokuwa nao, na huenda kisheria alistahili. Lakini watu wale wale walikuwa wamesoma ripoti ya kurasa 396, wakabadilisha kanuni, na miaka 8 baadaye winchi ikaingia mapema tena. Kama wao wamerudia, sisi tusiokuwa na hata ukurasa mmoja ulioandikwa tunajidai nini?

Kwa hiyo naomba sharti hilo liandikwe kwenye kibali, mahali ambapo kutolitimiza kunakifanya kibali kiwe batili na bima kuwa mashakani, wala lisiachwe kwenye hotuba ya asubuhi ya ufunguzi, ambayo marshali huwa hatuisikii kwa sababu tumekwisha kupelekwa vituoni tangu alfajiri.

Naomba majibu yenu kwa maandishi kabla ya kibali kijacho kutiwa saini. Mkiona inafaa kuita kikao, marshali wengi wa Mombasa ni watu wa ajira na wa zamu, na siku inayotufaa ni Jumapili asubuhi. Mahali popote kisiwani tutafika kwa miguu yetu na kwa nauli zetu. Nitakuja na taarifa nilizowahi kuandika, nikiwa nimefuta majina ya wahusika, na atakuja pia mwenzangu aliyekuwa ameshika kamba siku ile ya trekta, maana yeye ana maswali yake mwenyewe.

Wenu mtiifu,
Mwendeshaji winchi na marshali wa kujitolea,
Mombasa.